Mstari wa Mkono Ukutani

Kama unasoma haya huku mkono mmoja umeshika ukuta, basi ni wewe niliyekukusudia. Wanaosimama wenyewe nao wanaweza kusoma, ila wasiniulize kama nilikuwa naumwa kweli au nilijifanya. Swali hilo nimeulizwa vya kutosha, tena na watu waliokalia viti vyangu na kunywa chai yangu.

Nilikuwa mwendesha winchi bandarini Kalemie. Siku hizo mji ulikuwa ungali na jina la mfalme wa Wabeleji, ingawa uhuru ulikuwa umetimiza mwaka. Winchi yangu ilisimama gatini, pale ambapo reli ya kutoka Kabalo inaishia, na chumba chake cha vioo kilikuwa juu kabisa, ngazi thelathini na nane kutoka chini. Najisifu, na nina haki: hapakuwa na mtu bandarini aliyejua uzito kuliko mimi. Mzigo ukishaning'inia, mkono wangu kwenye wenzo ulijua kilo zake kabla karani hajasoma karatasi. Mkono huohuo ndio uliokuja kunigeuka.

Mama yetu alikuwa kijijini Mpala, kando ya ziwa, peke yake, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Kiangazi kile barabara hazikupitika kwa sababu ya watu wenye bunduki, akatuma neno kwa wachuuzi wa samaki: mkubwa aje amchukue kwa njia ya ziwa. Mkubwa ni mimi. Lakini mimi, mtoto wa ziwani, nimeliogopa ziwa tangu utotoni, na aibu hiyo niliificha vizuri sana kwa kufanya kazi juu, nikiliangalia kwa mbali. Jirani alituazima mtumbwi wake wenye mota. Asubuhi ya safari nilifika ufukoni, nikayaona maji yametulia mno, hata mkunjo mmoja hakuna, na miguu ikakataa. Nikamwambia mdogo wangu Aloyisi kwamba zamu yangu imebadilishwa.

"Yaya, mama anaita weye," akasema, na yaya kwetu ni kaka mkubwa. "Haiko miye."

"Kuko meli inatoka Kigoma leo. Chefu wa bandari amenikatalia."

"Kweli?"

"Nitakudanganya juu ya nini?"

Akacheka, akavaa koti langu la kazi kwa ajili ya baridi, akawasha mota. Meli haikuwako. Ili uongo wangu usimame, nilipanda winchi nikakaa ndani ya vioo siku ile nzima bila mzigo hata mmoja. Kutoka kule juu nilimtazama ndugu yangu akipungua na kupungua, mpaka likabaki koti tu, na mwishoni hata koti sikuliona.

Siku ya tisa wavuvi walileta habari. Mtumbwi ulikuwa umeonekana kwenye matete, umepinduka, kati ya huku na Mpala, na ndani hamna mtu. Neno la mama lilikuja pamoja nao: "Aloyisi hakufika kwangu. Muzike mugomba."

Kwetu mtu akichukuliwa na maji na asionekane, haachwi bila kaburi. Mgomba wa urefu wake hukatwa, ukavalishwa nguo zake, ukalazwa sandukuni, ukaliliwa na kuzikwa, ili aliyepotea apate mahali pa kukaa na aache kutangatanga. Mwenye kuukata ni mkubwa wa nyumba. Desturi inataka ukatwe kwa panga, juu ya udongo, shina peke yake. Ndivyo nilivyokata. Lakini nilipouinua begani, mkono wangu ukasema: huyu si Aloyisi. Aloyisi alikuwa na kilo sabini. Mwaka uliotangulia nilimbeba mgongoni kwenda hospitali akiwa na homa, na uzito wake ulikuwa umebaki mwilini mwangu. Kile nilichokuwa nacho begani kilikuwa nusu ya mtu, au kuzidi kidogo. Nilikiweka chini, nikazunguka nyuma ya bustani na jembe, nikang'oa mgomba mwingine mzima mzima, pamoja na kitako chake, mizizi na udongo. Nikaubeba mgongoni, nikaongeza udongo kidogo, mpaka mkono ukakubali. Kitako nilikifunga ndani ya suruali yake ili watu wasione. Niliuingiza nyumbani peke yangu, nikitembea wima, na wanawake waliokuwa kwenye mkeka wakapaza kilio. Kosa lilikuwa hilo, na nililifanya kwa kumpenda.

Kizunguzungu kilikuja arobaini ilipopita.

Nilikuwa ndani ya winchi, nashusha chumvi iliyotoka Kigoma, wavu wa magunia kumi. Mzigo ulipoacha sitaha, mkono wangu ukasema: sabini. Nikatazama chini. Niliyaona magunia kwa macho yangu, nikayahesabu yote. Mkono ukarudia: sabini, mtu mmoja. Hapo gati likaanza kuondoka. Halikutikisika, wala halikuzunguka kama watoto wanavyojizungusha. Liliondoka polepole, kwa utulivu, jinsi chombo kinavyoacha pwani, nami nikiwa juu yake. Mabehewa, makuli na karani na karatasi yake, wote walikuwa wanakwenda na hakuna aliyeshtuka. Niliuweka mzigo chini, sijui kwa namna gani, na ngazi zote thelathini na nane nilizishuka kwa matako.

Tangu siku ile sikuwa na nchi kavu. Nikikaa mezani sahani inateleza. Nikilala kitanda kinaelea, na mke wangu Odila, ambaye wote tunamwita Mama Odila, ananishika kiuno nisianguke wakati mwenyewe ananiona nimelala palepale. Mguu wa kushoto ulikuwa unachelewa. Nauita, unakuja baadaye. Masikioni kulikuwa na mlio mdogo usioisha, na nilipoutegea sikio sana niliujua: ulikuwa wa mota inayokwenda mbali. Hilo sikumwambia mtu. Nilikonda mpaka pete ya ndoa ikawa inavuka kiungo cha kidole.

Tuliishi kampi ya wafanyakazi, nyumba za safu, kuta zimepakwa chokaa nyeupe. Nikawa natembea nimeshika ukuta. Kiganja kilitoka cheupe, na ukutani kikabaki mstari mchafu, kimo cha kifua: kutoka mlangoni kwetu hadi bombani, kutoka bombani hadi chooni, na mwingine hadi mwisho wa safu, ambako nilikuwa nakwenda kutazama winchi. Kampi nzima ilijua nilikopita. Chefu wa bandari alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni, akautazama ule mstari kuliko alivyonitazama mimi. Akasema atanisubiri mpaka masika ya pili yaishe. Nikishindwa kupanda, nyumba atapewa atakayepanda. Hakusema kwa ubaya. Kuanzia hapo nilikuwa na ombi moja tu duniani: ngazi thelathini na nane, kwa miguu yangu, kabla mvua haijakatika.

Masika ya kwanza yalikuwa ya kwinini. Madaktari Wazungu walikuwa wamekimbia, na hospitali ilibaki mikononi mwa wauguzi, mkubwa wao akiwa Papa Sengo, yaani Baba Sengo, mtu mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinipa dawa ya malaria, kisha ya minyoo, kisha matone ya sikio. Kiangazi kikawa cha sindano. Benchi la kungojea lilikuwa la mbao, limelainishwa na makalio ya mji mzima, na mimi nilichagua mwisho wake ili niwe na ukuta. Ukikaa sana pale unajifunza kujua nani atatoka na nani atabebwa. Kuna mama mmoja, hata jina lake sikuliuliza, kila Alhamisi alikuwa anakaa upande wangu mwingine makusudi, akinibana kwa bega ili nisitetereke, huku anaendelea kuchambua maharagwe yake. Mungu amlipe. Siku nyingine bega la mtu linazidi dawa.

Nyumbani hapakuwa pazuri. Shangazi yake Mama Odila alikuja kutoka Kabimba na mganga, mzee mkavu asiyesema sana. Alinitazama nikivuka chumba, akamwambia shangazi, "Mufu wenu hajalala. Muende muone." Tukaenda makaburini saa sita ya mchana, jua likiwa kichwani, mimi nimeshikwa huku na huku.

Katikati ya tuta la Aloyisi kulikuwa na mgomba. Ulikuwa umenifikia kifuani. Jani lake jipya lilikuwa limejikunja bado, limenyooka juu, na ingawa hapakuwa na upepo, lile jani pana la chini lilikuwa linacheza taratibu. Shangazi alirudi nyuma mpaka akakanyaga kaburi la watu. Mama Odila hakurudi. Alisimama akasema kwa sauti ndogo, "Iko nasimama," akimaanisha Aloyisi amesimama.

Hakuna aliyethubutu kuukata, hata mganga. Nami nilijua sababu: shina likikatwa na kuzikwa linaoza, lakini mimi nilizika kitako na mizizi, na kitako ni lazima kiote. Ningeweza kusema. Lakini wangeniuliza kwa nini nilizika mzizi, na baada ya hapo wangeniuliza kwa nini nilitaka uzito wa Aloyisi, na swali la tatu lingenifikisha ufukoni asubuhi ile. Nikanyamaza. Nakiri pia kwamba kujua hakukunisaidia kitu. Nilijua kabisa kwa nini umeota, na bado nywele zilinisimama.

Lakini kilichomkimbiza Mama Odila hakikuwa mgomba. Ilikuwa ni Feza, binti yetu wa miaka mitano. Asubuhi moja Mama Odila alitoka na ndoo, akaona ukutani, chini ya mstari wangu, mstari wa pili, mwembamba, kimo cha mtoto. Akamfuata Feza kwa macho. Mtoto alikuwa anakwenda bombani polepole, mkono ukutani, akivuta mguu wa kushoto.

"Feza, unacheza?"

"Hapana, mama. Chini inaenda."

Jioni ileile alifunga nguo. Sikumlaumu, wala leo simlaumu. "Papa Feza," akaniambia, "miye ningebaki na weye. Lakini hii kitu haitanikulia mutoto." Wakapanda lori la saruji kwenda Kabimba. Baada ya wiki mbili shangazi alituma salamu kwamba Feza anakimbia na mbuzi. Nililia kwa furaha na kwa uchungu, vyote viwili, nimekaa sakafuni kwa sababu kiti kilikuwa kinaelea.

Mwanzoni mwa masika ya pili alifika daktari kutoka Haiti. Mji wote ulikwenda kumtazama: mtu mweusi kuliko sisi, daktari kamili, anasema Kifaransa cha kuimba na hajui neno la Kiswahili. Alinipima siku tatu. Alinigonga magoti, akanimulika macho, akanitilia maji ya baridi sikioni na kuhesabu kwa saa yake, akaniweka kwenye ile mashine ya kupiga picha za mifupa. Siku ya nne aliniita, Papa Sengo akiwa pembeni kutafsiri pale Kifaransa changu kilipogota. Akasema sikio ni zima. Kichwa ni kizima. Mguu ni mzima.

Niliwaka. "Kwa hiyo najifanya?"

"Sikusema hivyo," akajibu. "Unayumba. Nakuona unayumba. Nasema tu kwamba kisichokupa raha hakikuingilia sikioni."

Nilitoka nimekasirika, nimeshika ukuta wa korido, nikakaa kwenye benchi langu kungoja mvua ipungue. Wakati huo baba mmoja akaingia mbio kutoka mvuani amembeba kijana wake mkubwa, mwenye homa ya kupoteza fahamu, na pale mlangoni akateleza, wote wawili chini. Baba alikuwa ameumia goti. Hapakuwa na mtu mwingine karibu. Sikufikiri. Niliinama, nikamvuta kijana mgongoni, nikainuka, nikampeleka chumba cha mwisho cha korido, hatua kama arobaini, nikamlaza kitandani na kumgeuza ubavu.

Nikageuka nirudi, na sakafu ikaondoka. Nikajishika kitandani.

Mlangoni walikuwa wamesimama daktari na Papa Sengo, wameniona kutoka mwanzo. Daktari hakucheka wala hakunikemea. Alionyesha korido kwa kidole, kutoka benchi hadi hapa, na ukuta wa upande ule, mweupe, usio na alama ya mkono. Akasema kitu kifupi. Papa Sengo akavua miwani.

"Dokta anasema umetembea. Bila ukuta. Mguu haukuchelewa."

"Sikujua."

"Ndiyo. Hukujua, njo maana ulitembea." Kisha akauliza swali lake mwenyewe, ambalo daktari hakulisema. "Papa, mara ya mwisho ulibeba muntu mu mugongo, ilikuwa nani?"

Nilitaka kusema ni Aloyisi na homa yake. Mdomo ukafunguka, nikasikia sauti yangu ikisema, "Mugomba."

Walinikalisha. Yote niliyokuandikia hapo juu, zamu, koti, vioo vya winchi, kitako ndani ya suruali, nilimwambia Papa Sengo mchana ule, mvua ikipiga bati mpaka ikabidi nipaze sauti. Mambo niliyoyaficha zaidi ya mwaka niliyasema kwa kupiga kelele. Yeye alikuwa anatafsiri, na mahali fulani alisita, akatoa kitambaa, akaendelea.

Sikupona siku hiyo. Wewe unayeshika ukuta, usiamini wanaokusimulia kupona kwa siku moja. Daktari alinipa dawa ambayo sikuitegemea: gunia la mchanga. Kila asubuhi nilibeba gunia lile mgongoni, nikaizunguka hospitali, na nikiwa nalo nilitembea sawasawa. Kila Alhamisi Papa Sengo alitoa makopo mawili ya mchanga, na baada ya hapo tulizungumza, watu watatu, lugha mbili. Wiki ya sita gunia lilikuwa nusu na nilianguka mara nne. Wiki ya kumi lilikuwa na kilo tano tu. Wagonjwa wa benchi walikuwa wananishangilia kila nikipita, wakinitania kwamba nimekuwa punda wa hospitali. Mara ya kwanza nilipozunguka na gunia tupu begani nilitapika, lakini nilizunguka.

Nililala usingizi. Mlio wa mota ukapungua. Ila nilipofika chini ya winchi na kushika ngazi ya kwanza, gati likaondoka tena. Mvua zilikuwa zimebaki wiki chache.

Nilimwambia daktari. Akasema, "Umetueleza sisi. Sisi hukutukosea."

Kwanza nilikwenda Kabimba. Mama Odila alinisikiliza hadi mwisho akiwa anatwanga, hakuacha kutwanga. Halafu akasimamisha mchi. "Miaka miwili naogopa mufu," akasema. "Kumbe njo weye nilipaswa kuogopa." Hakusema nami siku tatu. Siku ya nne alinipakulia bukari, ugali wetu, na samaki wa mikebuka, sahani ya kwangu peke yangu, akaniambia nikimaliza kula niende kwa mama.

Nilikwenda kwa ziwa. Nilikaa katikati ya mtumbwi wa wachuuzi, nimeziba macho kwa kofia, na kwa mara ya kwanza ndani ya miaka miwili nilichokalia kilikuwa kinayumba kweli. Utacheka, lakini ilinipumzisha. Watu wote mle walikuwa wanayumba pamoja nami.

Tulifika Mpala asubuhi ya siku ya tatu. Nilipanda kutoka ufukoni nikirudiarudia maneno yangu: mama, hapakuwa na meli, mama, niliogopa, mama, nilimtuma. Nyumba ya baba ilikuwa palepale, ya tofali mbichi, hupakwa udongo mweupe kila mwaka kabla ya Krismasi. Nikafika uani, nikasimama.

Ukutani kulikuwa na mstari. Ulitoka mlangoni, ukapita chini ya dirisha, ukazunguka kona hadi jikoni. Mchafu, kimo cha kifua cha mwanamke mfupi. Mahali pa kona, ambapo mkono lazima ubanduke na ushike tena, udongo ulikuwa umelika kabisa na tofali linaonekana. Huo haukuwa mstari wa wiki moja. Nikatazama kiganja changu bila kujua ninachotafuta.

Mama alitokea kwenye ile kona, mkono ukutani, akivuta mguu. Alikuwa amebaki nusu ya mama niliyemwacha. Akaniona. Wala hakupiga kelele ya furaha.

"Papa yangu," akasema. Ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, kwa kuwa nimebeba jina la babu. "Nani amekuambia?"

"Kuniambia nini, mama?"

Akateremka na ukuta mpaka akakaa chini. Mimi nikakaa mbele yake. Maneno niliyoyabeba kutoka Kalemie hayakupata nafasi, maana alianza yeye.

"Alifika."

Sikuelewa.

"Aloyisi alifika. Na koti yako. Alilala hapa siku mbili. Nilikataa kupanda. Nilisema naita mukubwa, banatuma mudogo, miye ni muzigo ya kutumiana? Nikamufukuza. Asubuhi anaenda hata uji hajakunywa. Nilimufukuza kwa mudomo hii." Akajipiga mdomoni, mara moja, kwa nguvu. "Mutumbwi ulipoonekana nikasema hakufika. Nikasema muzike mugomba. Tangu siku ile, papa, hii nyumba inaenda. Naipika mboga inaenda."

Nilimwambia yangu. Hakushangaa sana. Tulikaa pale chini mpaka jua likatuhamisha, tukamlilia Aloyisi kilio ambacho hakuna kati yetu aliyekuwa amekilia. Pale msibani mimi nilikuwa nashughulika na kuficha mizizi, na mama alikuwa mbali anashughulika na kuficha siku mbili. Jirani waliochungulia walidhani kuna msiba mpya. Kwetu ulikuwa mpya.

Kesho yake nilimchukua, kazi niliyotumwa tangu mwanzo. Mtumbwi ulikuwa umesimama mbali kidogo, maji ya kiunoni, na mama hakuweza. Nikamwambia apande mgongoni. Nilijua nitatembea vizuri nikiwa naye. Hofu yangu ilikuwa baadaye. Mkono ukanipa kilo zake bila kuulizwa: arobaini na moja. Nikampakia, nikamfunika kanga, nikabaki nimesimama ndani ya ziwa mikono mitupu, nikingoja. Maji yalisogea. Mtumbwi ulisogea. Mchanga chini ya nyayo zangu haukwenda popote.

Mama anaishi na sisi sasa, na Mama Odila, aliyerudi na Feza, anamlalamikia kila mtu kwamba mkwe wake anatembea sana. Feza ameanza shule. Ngazi nilizipanda Jumatatu ya mwisho ya mvua, chefu akihesabu chini kwa sauti, na vurugu kubwa zilizokuja baadaye zilinikuta juu huko. Kila kiangazi, siku mbili au tatu, gati hutaka kuondoka. Najua ni kwa nini. Nashuka, namtafuta mama, tunamzungumza Aloyisi, na linarudi. Kwa hiyo usinisubiri nikuambie kwamba kizunguzungu kinaisha moja kwa moja. Ninakuambia kwamba kinajulikana, na kwamba si uongo, hata kama picha ya kichwa ni safi. Mtafute Papa Sengo wako. Kisha mtafute yule uliyemkosea, uende kwake hata kwa maji.

Limebaki moja. Wiki tuliyofika na mama tulimpeleka makaburini. Mgomba ulikuwa umezaa, mkungu umeiva juu ya tuta, ndege wamekula upande mmoja, na mji mzima hakuna aliyegusa hata ndizi. Mama aliusogelea. Akachuma moja, akaimenya, akaikata katikati, nusu akanipa mimi. Tulikula. Kisha akanyoosha mkono akaomba panga, akanipa mimi, mkubwa.

"Safari hii, kata vizuri," akasema.

Nilikata juu ya udongo, pigo moja, shina peke yake, nikaacha mzizi uote ukitaka. Ukaniangukia begani wote. Nilisimama pale nao, mama akinitazama, nikingoja mkono wangu useme. Mkono ukasema kilo thelathini na tano, mgomba.